Brekipedi za mbele zimeisha mpaka chuma na diski imechimbika, nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani

Mkono Mweusi

Wakuu habari za muda huu. Nina pikapu yangu ya kazi, dabo kebini, mbele diski nyuma ngoma. Kama wiki tatu zimepita ilianza kulia kila nikikanyaga breki, ule mlio mwembamba wa kukera meno, nikasema ni vumbi hilo litatoka lenyewe. Halikutoka. Wiki hii mlio umebadilika, sasa inakwaruza kabisa kama mtu anaburuza sufuria sakafuni, na nikiwa kwenye mwendo wa 80 nikishika breki pedeli inanidunda mguuni na usukani unacheza.

Jana jioni nikafungua tairi la kulia nichungulie. Pedi ya ndani imeisha, hamna kitu, chuma kwa chuma. Ya nje, kwenye kalipa hiyohiyo (kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski), bado ina kama milimita 6. Nikafungua na kushoto, huko zote mbili zina 5 hivi na zinalingana. Diski ya kulia ina mifereji ambayo ukipitisha ukucha unazama, halafu ukingoni kuna kidomo kimesimama.

Sijawahi kugusa breki. Nimeshabadilisha shokapu, plagi, oili na filta ndo kazi yangu kila siku, kwa hiyo spana sio mgeni kwangu. Ninachotaka kujua ni hivi, diski lazima nibadilishe au pedi peke yake zitajipanga zenyewe kama fundi mmoja alivyoniambia? Naweza kubadili kulia tu kwa sababu kushoto bado kuna nyama? Na je lazima nifungue mabomba ya mafuta ya breki, maana hapo ndo naogopa. Nyumbani nina jeki moja na boksi la spana la kawaida. Naombeni mnielekeze taratibu kama mnamfundisha mtoto.

Mzee wa Spana

Kijana, kwanza hiyo gari usiitembeze tena. Chuma kwa chuma breki hazipo, kuna joto tu hapo, na pistoni ikitoka sana kufuata pedi isiyokuwepo inaweza kuanza kuvujisha mafuta na hapo utabaki na pedeli ya kupigia ngoma.

Pili, kabla hujanunua chochote jiulize kwa nini ya ndani imeisha na ya nje bado. Hilo ndo swali lenyewe hasa, na hukuliuliza. Ukivalisha pedi mpya na diski mpya bila kulijibu, baada ya miezi michache utarudi hapahapa na picha ileile.

Kalipa ya kawaida ya aina ya kuteleza ina pistoni upande wa ndani tu. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani ikabane diski, halafu mwili wote wa kalipa unajivuta kuelekea ndani juu ya pini mbili na kuileta pedi ya nje nayo ibane. Sasa zile pini zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi, kazi yote inafanywa na pedi ya ndani peke yake. Inaweza pia kuwa pistoni imeganda hairudi vizuri ukiachia pedeli. Kwako wewe nikibet naweka pini, lakini angalia vyote viwili. Ingekuwa ya nje ndo imeisha, ningesema kalipa inakwenda lakini hairudi. Ingekuwa pedi imelika mshazari, huku nyembamba kule nene, ningesema pini moja nzima moja imekwama, au masikio ya pedi yamebanwa na kutu kwenye breketi, ile fremu inayoshikilia pedi na kalipa. Pedi zilizoisha zinasema mengi, usizitupe mpaka umalize kazi.

Maswali yako sasa. Pedi unabadilisha ekseli nzima, kulia na kushoto siku moja, hakuna nusu nusu. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari inavuta usukani, na utakuja kugundua siku ya dharura. Diski vilevile zote mbili. Mabomba hufungui kabisa, kalipa unaitoa na bomba lake ikiwa imeunganishwa, unaifunga juu kwenye springi kwa waya. ISINING'INIE kwenye hosi. Ile hosi ya mpira ndani ina tabaka, ukiining'iniza kalipa yenye kilo zake tabaka linachanika ndani na nje unaona nzima.

Jeki moja haitoshi. Tafuta stendi mbili, hata za kuazima. Jeki inanyanyua, haishikilii. Sehemu iwe ngumu na tambarare, weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, legeza nati za tairi kabla hujanyanyua, kisha nyanyua, stendi chini ya chasisi, itikise gari kwa mkono kwa nguvu. Ikicheza shusha uanze upya.

Kazi fanya upande mmoja kwanza mpaka uishe ndo uhamie wa pili. Hivyo ukisahau klipu ilikaaje unaenda kuchungulia upande ambao hujafungua. Na kwa kuwa kulia kumeharibika, anza na kushoto, ujifunzie kwenye kitu kizima.

Tembo Mzito

Mimi pikapu yangu inabeba mchanga na diski sijawahi kubadili, natoa pedi naweka pedi, nasugua diski na msasa kidogo naondoka. Watu mnapenda kutisha wenzenu. Zile pedi zinajichonga zenyewe zinafuata mifereji.

Mzee wa Spana

Tembo, diski ikiwa na unene wake na mikwaruzo midogo, sawa, hata mimi nafanya hivyo. Yake ukucha unazama na pedeli inadunda. Pedi mpya ikigusa diski yenye mifereji inashika kwenye vilima tu, mabondeni hakuna kitu, kwa hiyo wiki za kwanza una nusu ya breki na hiyo nusu inachemka kuliko kawaida. Na ukiwa na mzigo wa mchanga nyuma.

Mkono Mweusi, ushahidi upo kwenye diski yenyewe. Angalia kwenye kile kibakuli cha katikati au ukingoni, kuna maandishi yamepigwa, MIN TH na namba kwa milimita. Huo ndo unene wa mwisho, chini ya hapo diski ni ya kutupa, hata kuichonga kwenye mashine hairuhusiwi. Lakini ukipima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia unene, utadanganyika, kwa sababu venia inashika vile vidomo vya ukingoni ambavyo pedi haikuvigusa, utasoma unene wa diski mpya. Chukua sarafu mbili zinazofanana, weka moja kila upande ndani ya sehemu iliyolika, pima yote pamoja halafu toa unene wa sarafu mbili. Pima sehemu nne au tano kuzunguka. Zikipishana, hata kidogo sana, hiyo ndo inayokudunda mguuni. Watu wanasema diski imepinda, mara nyingi haijapinda, ni unene haulingani, au vipande vya pedi vimegandia sehemu sehemu kwa joto.

Binti Grisi

Naongezea kwa Mzee, maana kuna kitu kimoja kinaweza kukukwamisha saa 12 jioni na gari ipo juu ya stendi. Pikapu sio gari ndogo. Kabla hujaagiza diski hakikisha yako imekaaje. Kuna ambazo diski ipo nje ya habu (kile kichwa kinachozunguka na kubeba tairi), ukitoa kalipa na breketi inachomoka yenyewe kama kofia, hizo raha. Kuna ambazo diski imefungwa kwa bolti NYUMA ya habu, inabidi utoe habu nzima na beringi zake ndo uipate. Na kuna za kizamani hasa zisizo na foo wili, habu na diski ni kitu kimoja, unafungua kofia ya grisi, split pini, nati, beringi zinatoka, unapaka grisi mpya, unaweka sili mpya na kukaza beringi kwa kipimo. Hizo aina mbili za mwisho sio kazi ya mara ya kwanza, sikufichi. Jinsi ya kujua, tazama katikati ya diski unapotoa tairi. Kama stadi za tairi, zile bolti zinazopokea nati, zinatokeza kupitia kwenye matundu ya diski na diski ndo inagusana na rimu, umepona, ni ya nje.

Halafu nyingine zina kalipa isiyoteleza, ina pistoni pande zote mbili, mbili mbili. Hizo pedi zinatoka kwa kuchomoa pini ndefu juu bila kutoa kalipa. Lakini kwa diski kalipa lazima itoke tu.

Mengine ya haraka. Diski zenye matundu ya upepo katikati, nyingine mapezi yake yana mwelekeo, kuna ya kulia na ya kushoto, soma boksi. Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, ioshe na brek klina pande zote mpaka kitambaa kitoke kikavu na kisafi, na baada ya hapo usiishike uso wake kwa mikono ya grisi. Vumbi la breki usilipulizie na kompresa wala usipulize kwa mdomo, unalipeleka kwenye mapafu yako mwenyewe. Lowesha, futa, vaa barakoa.

Na grisi. Grisi ya beringi hapana kwenye pini za kalipa. Inavimbisha ile mipira, na mpira ukivimba pini inakwama upya. Tumia ya silikoni au ile iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya breki.

Mkono Mweusi

Asanteni sana. Nimechungulia, stadi zinapita kwenye diski, ni ya nje. Kalipa ni ya kuteleza, ina pistoni mbili lakini zote upande wa ndani. Nimepima na sarafu. Imeandikwa MIN TH 23, kulia nimepata 21 na ushee, kushoto 23 na nusu. Naagiza zote mbili na pedi seti nzima. Jumamosi naingia kazini.

Swali la kijinga, pistoni nazirudishaje ndani?

Binti Grisi

Sio la kijinga. Chukua jiklampu, ile ya maseremala, weka pedi ya zamani juu ya pistoni zote mbili halafu kaza polepole. Polepole kweli. Kwa kuwa zipo mbili, ukibana moja peke yake nyingine inatoka, ndo maana ya kuweka pedi ya zamani. Kabla ya hapo safisha mipira ya vumbi, usiingize uchafu ndani.

Mafuta yatakayosukumwa yanarudi kwenye kichupa juu, kwa hiyo fungua kifuniko na uangalie. Kama mtu aliongeza mafuta wakati pedi zinalika, yatafurika, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Yakimwagika mwaga maji mengi hapohapo, usifute tu. Chota kidogo na bomba la sindano kabla.

Mimi nafanya tofauti kidogo, navalisha kibomba cha mpira kwenye nipo ya kutolea upepo, mwisho wake kwenye chupa, nalegeza nipo, ndo nasukuma pistoni, nafunga nipo kabla sijaachia klampu. Yale mafuta meusi ya kwenye kalipa yanatoka nje badala ya kurudishwa juu kwenye ABS, ule mfumo wa kuzuia matairi yasikwame ukishika breki. Lakini kwa mara ya kwanza, na kama nipo imeshika kutu, usijaribu. Ikikatikia humo utalia.

Mkono Mweusi

Wakuu, Jumamosi saa 8 mchana, nipo chini ya gari, naandika na kidole kimoja kisafi.

Kushoto nimemaliza kwa muda wa kama saa moja na nusu, kwa kutazama tazama. Kulia ndo shughuli. Mzee ulibet vizuri. Pini ya juu inateleza kidogo, ya chini HAIENDI popote. Nimeivuta kwa mkono, nimeizungusha kwa spana, inazunguka lakini haitoki. Mpira wake umechanika, ndani kuna uji wa kahawia badala ya grisi.

Na diski haitoki. Nimetoa breketi, zile bolti mbili za nyuma zilinitoa jasho mpaka nikavalisha bomba refu kwenye mpini wa spana, zikatoka kwa mlio kama risasi. Lakini diski imejishona kwenye habu. Nimeigonga na nyundo nimechoka.

Kaka Waya

Diski, tafuta matundu mawili madogo yenye mitaro kwenye uso wake katikati ya stadi, gari nyingi zinayo, mara nyingi ni ya bolti ya milimita 8. Ingiza bolti mbili, kaza hii robo, ile robo, hii robo, ile robo. Inajisukuma yenyewe. Kwanza puliza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kitovu na kwenye stadi, uache hata dakika 15, unywe maji. Kama haina matundu, gonga kwenye kibakuli katikati ya stadi na sio kwenye uso, huku unaizungusha. Diski ya zamani unaitupa kwa hiyo hata ukiipiga usoni sio kesi, ila beringi ndo inapokea yale mapigo, kwa hiyo akili.

Nati ya tairi moja irudishe nyuzi chache kwenye stadi. Ikitoka ghafla haikuangukii mguuni, diski ya pikapu sio sahani.

Pini, endelea kuizungusha huku unaivuta na mafuta ya kulegeza yakiingia pale mpira ulipochanika. Ikizunguka itatoka. Ikitoka usiipige msasa ukairudisha kama ina mashimo ya kutu, nunua pini na mipira mipya, zinauzwa kama seti. Na angalia, pini mbili mara nyingi hazifanani, moja ina kipande cha mpira mwishoni au imechongwa bapa, ukizibadilishana juu chini kalipa itagonga au itakwama upya.

Mkono Mweusi

IMETOKA. Bolti mbili, robo robo, ikatoa mlio mmoja tu ikalegea. Pini nayo imetoka baada ya kama nusu saa ya kunyonga na kuvuta. Robo tatu yake ina kutu imekula mashimo, ukipitisha kidole inakwaruza kama tupa. Nimemtuma mdogo wangu na ya zamani mkononi akatafute seti.

Binti Grisi

Wakati unasubiri, usikae. Chukua brashi ya waya na msasa usafishe uso wa habu pale diski inapokaa, na kile kitovu. Usafishe mpaka uone chuma kinang'aa, hasa kuzunguka kila stadi. Hapa mimi niliumia. Mara yangu ya kwanza niliweka diski mpya kabisa juu ya habu yenye magamba ya kutu, nikafurahi, wiki ya kwanza safi. Baada ya mwezi na ushee usukani ukaanza kucheza tena. Nikalaumu diski, nikalaumu pedi, nikabalansi matairi. Kumbe gamba moja la kutu, dogo kama punje ya mchele, limeinamisha diski. Watengenezaji wengi wanaruhusu diski kuyumba kama milimita 0.05 tu, unene wa unywele hivi. Ikiyumba zaidi pedi inaigusa kila mzunguko sehemu ileile hata hujashika breki, inalika pale, na unarudi kwenye unene usiolingana. Diski mpya nikaitupa. Kutu ya kusafisha dakika kumi.

Na breketi pia, pale masikio ya pedi yanapokaa, toa vile vibati vya zamani, piga tupa au brashi chini yake kutu iishe, weka vibati vipya. Pedi ikiwekwa inatakiwa iteleze kwa kusukuma na kidole. Ukilazimika kuigonga na nyundo iingie, bado hujasafisha, usiipunguze pedi kwa kusaga rangi yake.

Kile kibati kidogo cha kupiga kelele kwenye pedi, angalia upande wa kushoto ulivyokaa ukiweka kulia kikae kama kwenye kioo. Hicho ndo kilikuwa kinalia wiki tatu zilizopita na wewe ukasema vumbi.

Mkono Mweusi

Hahaa dada hiyo imenifika. Habu ya kushoto sikuisafisha vizuri, nilipangusa na kitambaa tu. Nafungua tena.

Tembo Mzito

Ukishafunga usiwashe gari ukaondoka! Mimi ilinikuta. Pistoni zimerudishwa ndani, pedi zipo mbali na diski, kanyagio la kwanza linaenda mpaka chini hamna kitu. Niliirudisha nyuma kutoka uani na nikasimamishwa na ukuta. Sasa hivi nikimaliza tu breki, kabla hata ya kushusha gari, naingia napampu mpaka pedeli iwe ngumu.

Mzee wa Spana

Hapo Tembo umesema. Ila pampu kwa mikanyago mifupi mifupi, nusu ya safari. Mastasilinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli, ikiwa ya siku nyingi, ukizamisha pedeli mpaka mwisho zile sili zake zinapita sehemu ambayo hazijawahi kufika, yenye uchafu, zinachanika, unatengeneza ugonjwa mpya. Baadae angalia kichupa, ongeza mafuta mpaka mstari wa juu kama yamepungua, aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 zote za ukoo mmoja, zinavuta maji kutoka hewani, ndo maana chupa iliyofunguliwa mwaka jana usiitumie. DOT 5 ni silikoni, hiyo usiichanganye na hizo kabisa, wala usidanganyike na 5.1 ambayo ni ya ukoo wa 3 na 4.

Sasa kitu kingine, Mkono. Kalipa ya kulia ikiwa imevaa pini mpya, kabla hujarudisha tairi, mtu akanyage breki aachie, halafu wewe zungusha diski kwa mkono. Inatakiwa izunguke, kukwaruza kidogo ruksa, kubana hapana. Ikibana na isiachie, legeza nipo kidogo. Kama inaachia hapo ulipolegeza, basi presha imenaswa kwenye bomba, na mara nyingi ni ile hosi ya mpira imeziba ndani, inapitisha mafuta kwenda na kukataa kurudi. Kama bado imebana hata baada ya kulegeza, ni kalipa au pini. Ukilegeza nipo kwa hilo jaribio, fuata na kutoa upepo, mmoja anakanyaga anashikilia, mwingine anafungua nipo na kufunga kabla pedeli haijaachiwa, mpaka yaje mafuta matupu bila mapovu, na kichupa kisikauke katikati ya zoezi.

Kukaza usikisie. Tafuta toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia klik ikifika. Bolti ndogo za kwenye pini hazitaki nguvu nyingi, watu wanazivunja, za breketi zinataka nguvu sana na zilipigwa gundi ya kufungia nyuzi. Namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari yako, isome hiyo, usichukue ya jirani. Nati za tairi kaza kwa msalaba, kwanza juu ya stendi kwa mkono, mwisho gari ikiwa chini.

Mkono Mweusi

Mrejesho. Samahani nimechelewa.

Seti ya pini ilipatikana jioni, nikamalizia kwa taa. Habu zote mbili nilisafisha upya, ya kushoto ambayo nilisema nimemaliza ilitoa magamba ya kujaa kiganja. Nilifanya jaribio la Mzee, mke wangu akakanyaga, akaachia, diski ikazunguka kwa mkono bila kubana, kwa hiyo hosi ipo sawa na nipo sikuigusa. Kabla ya kushusha gari nikapampu, nusu nusu, kama mara kumi na mbili ndo pedeli ikasimama. Zile tatu za kwanza Tembo nilikukumbuka, mguu unazama tu kama kwenye tope.

Jumapili asubuhi nikaenda barabara tupu kuzipasha. Sikujua hilo mpaka niliposoma karatasi iliyokuja kwenye boksi la pedi. Unafika mwendo wa 60, unashika kwa nguvu ya wastani mpaka karibu na 10, usisimame, unaongeza tena, mara nane mpaka kumi, halafu unatembea dakika kadhaa bila kushika zipoe. Mara ya tano hivi ikaanza harufu ya kuungua nikaogopa, karatasi imesema ni kawaida ile resini inatoka. Breki za mwanzo zilikuwa kama za mbao, kufikia ya nane zinashika mpaka mkanda unanivuta kifuani.

Pedeli haidundi. Usukani umetulia. Kuna kasauti kadogo ka shhh nikitembea taratibu na dirisha wazi, hako sijui.

Binti Grisi

Hako kasauti ni pedi mpya na diski mpya zinazoeana, kataisha. Kakibadilika kakawa ka kugonga au ka chuma, fungua. Ukifika nyumbani usiku mmoja umetembea kawaida bila breki nyingi, weka kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Joto la kulia na kushoto lilingane. Kulia kukiwa moto zaidi bado kuna kinachobana.

Kaka Waya

Na nati za tairi ulizirudia? Baada ya kilomita 80 mpaka 100 zinarudiwa, hasa ukishasugua habu, rimu inakaa upya.

Mkono Mweusi

Nimerudia leo. Kushoto zote zimelia klik hapohapo. Kulia, sita, moja ikaenda kama robo mzunguko ndo ikalia. Joto nimepima kwa kiganja jana usiku, zinalingana.

Ile pini ya zamani nimeitundika kwenye msumari ukutani karibu na boksi la spana. Mdogo wangu ameshaniuliza mara mbili ya nini.